Shajara ya Mradi wa Ukingo wa Kijito: Kulitambua na Kulidhibiti Gugu la Kijapani

Mwaka wa kwanza, wiki ya pili ya Aprili

Mradi umeanza juma hili kwa kupima eneo. Kichaka kiko ukingoni mwa kijito, kati ya njia ya miguu na maji, na kina urefu wa mita 11 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 44. Mashina ya mwaka jana bado yamesimama, yamekauka na kugeuka rangi ya kahawia, matupu ndani kama mianzi, na upepo ukipita hugongana kwa sauti ya mabua makavu. Chini yake machipukizi mapya yamekwisha kutokeza, mekundu yanayoelekea zambarau, manene kiasi cha kidole gumba, na majani yake bado yamejiviringa kwenye ncha. Tumehesabu 214. Nimepigilia vigingi 16 kuzunguka kichaka, kila kimoja na namba yake, ili chochote kitakachoonekana baadaye kiandikwe kwa kutaja kigingi kilicho karibu nacho.

Naiandika hesabu hiyo kwa sababu shajara haina budi kuwa na mahali pa kuanzia, ingawa siitegemei sana. Sehemu kubwa ya mmea huu imo ardhini, na machipukizi ni yale tu ambayo umeyatoa mwaka huu.

Mwaka wa kwanza, wiki ya tatu ya Mei

Tumetumia siku mbili nzima kuthibitisha jina la mmea kabla ya mtu yeyote kugusa chombo, kwa kuwa mimea kadhaa isiyo na hatia hufyekwa kila mwaka kwa kufananishwa na huu. Mwanzi huwahadaa wengi kwa ajili ya pingili zake, lakini majani ya mwanzi ni membamba na marefu kama ya nyasi, ilhali haya ni mapana na yamekaa mfano wa ngao. Balsamu ya Himalaya nayo hupenda kingo za mito na shina lake ni tupu na jekundu, ila majani yake yana meno pembeni na mara nyingi hutoka mawili au matatu kwenye fundo moja. Gugu la Kijapani, ambalo wataalamu huliita Reynoutria japonica, hutoa jani moja moja kwa kupokezana, moja kulia na linalofuata kushoto, na katika kila fundo tawi hujikunja kidogo, hivi kwamba ukilitazama kwa juu unaona mstari wa kupinda kama hatua za mlevi. Shina lina madoa ya zambarau, na kila fundo limevikwa utando mwembamba kama karatasi, ambao ndio alama ya jamaa yake nzima.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kulitenganisha na ndugu zake wawili. Ndugu mkubwa, Reynoutria sachalinensis, ana majani yanayoweza kufikia sentimita 40, yenye kitako cha umbo la moyo na vinyweleo virefu upande wa chini. Wa pili ni chotara wa japonica na sachalinensis, Reynoutria × bohemica, ambaye yuko katikati kwa kila kipimo: jani lake ni kubwa kiasi, kitako chake kimeingia ndani kidogo, na kwenye mishipa ya upande wa chini ana vinyweleo vifupi vinavyoonekana kwa kioo cha kukuzia. Jani la kupimia lichumwe sehemu ya chini au ya kati ya shina kuu, kwa sababu majani ya nchani hufanana kwa wote watatu na yamewapotosha watu wengi. Tulichuma majani 20. Yote yalikuwa na kitako kilichonyooka kana kwamba kimekatwa kwa rula, hakuna lililozidi sentimita 14, na upande wa chini hatukuona vinyweleo, ila vinundu vidogo tu kwenye mishipa. Tumeridhika kwamba tunashughulika na japonica.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka ardhini. Karibu na kigingi cha 5 nilifukua kwa mkono kipande cha rizomu, yaani shina la chini ya ardhi, chenye unene wa kidole cha kati. Kwa nje kilikuwa cheusi na kikavu, chenye vifundo vilivyosongamana, na mtu angeweza kukidhania mzizi uliooza. Nilipokivunja kilikatika kwa mlio kama karoti mbichi, na ndani kilikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea pembeni na kiini cheusi zaidi katikati. Vipande vyote viwili vimewekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na udongo uliodondoka.

Mwaka wa kwanza, mwisho wa Juni

Ingizo hili linahusu kosa langu, na nimeona ni heri liandikwe kwa ukamilifu. Tarehe 4 ya mwezi huu nilipitisha mashine ya kukatia nyasi kando ya njia, kati ya kigingi cha 1 na cha 4, kwa nia ya kuwapa wapita njia nafasi. Uzi wa mashine ulirusha vipande vya shina kila upande, nami nikaviona ni takataka za kawaida. Leo, baada ya siku 24, nimekuta machipukizi 9 kando ya njia, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na la mbali zaidi liko mita 6 kutoka kwenye kichaka. Nilipolichimbua nilikuta pingili ya shina yenye fundo moja, ndefu kuliko kidole gumba kidogo tu, ambayo imeota mizizi myeupe chini na majani mawili juu, kama vile kipande cha mti wa muhogo kinavyoota mtu anapokitupa kwenye udongo wenye unyevu.

Niliweka pia vipande vitatu vibichi vyenye vifundo katika mtungi wa maji kivulini. Viwili vimetoa mizizi. Rizomu ndiyo hodari zaidi, kwani imethibitishwa kwamba kipande chake kisichofika gramu moja kinaweza kuzaa mmea mzima, lakini shina bichi nalo si la kupuuzwa, hasa pembezoni mwa maji yanayoweza kulichukua hadi kwa majirani wa chini ya kijito.

Tangu leo hakuna mashine inayoruhusiwa ndani ya mita 3 kutoka kwenye kichaka. Panapolazimika kukatwa, patakatwa kwa mkasi wa bustani, shina moja moja, na mashina yatapokelewa juu ya turubai. Viatu na majembe vitasuguliwa papo hapo kabla ya mtu kuondoka. Machipukizi yote 9 yamechimbuliwa pamoja na udongo wake.

Mwaka wa kwanza, katikati ya Julai

Kichaka kimepita urefu wa mita mbili na nusu na ndani yake kuna giza. Hakuna nyasi iliyosalia chini.

Mwenzangu aliuliza mmea huu ulifikaje mbali hivi na kwao, na jibu lake linasaidia kuelewa tabia yake. Kwao ni Japani, Korea na China. Japani huitwa itadori, na ni mmoja wa mimea inayotangulia kuota kwenye majivu na mawe ya volkano, pamoja na miteremko ya mlima Fuji, ambako kuendelea kuishi chini ya tabaka la mawe na kuchipua upya ndiyo njia pekee ya kuwapo. Daktari Mjerumani Philipp Franz von Siebold aliuleta Ulaya na kuukuza katika kitalu chake huko Leiden, Uholanzi, na mwaka 1847 ukapewa medali ya dhahabu na chama cha kilimo na bustani cha Utrecht kuwa mmea wa pambo unaovutia kuliko yote ya mwaka huo. Mwaka 1850 bustani ya mimea ya Kew, London, ikaupokea. Watu waliulipia, wakaupanda kwa hiari, wakagawiana vipande vyake.

Nchini Uingereza uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba sampuli zote zilizopimwa ni mmea mmoja ule ule, wa kike, uliojigawa kwa vipande. Ni kana kwamba mpapai jike mmoja ungekatwakatwa na kuenea nchi nzima bila kuonana na dume. Mmea huo wa kike ukikosa chavua ya jamii yake unaweza kupokea ya ndugu zake, na ndivyo chotara anavyozaliwa, kwa hiyo panapokuwa na ndugu jirani mbegu hazipaswi kusahaulika. Katika eneo letu hatujaona ndugu yeyote, na tutaendelea kuchukulia kwamba tunapambana na vipande.

Mwaka wa kwanza, wiki ya mwisho ya Agosti

Tumekaa kuamua njia. La kuchimba na kuondoa lilipigiwa debe na wawili kati yetu, kwa sababu ndilo linaloonekana kumaliza shauri mara moja. Nilipiga hesabu mbele yao. Kichaka cha mita 11 kwa 4, ukiongeza ukingo wa tahadhari wa mita 2 kila upande, kinakuwa mita 15 kwa 8, nawe ukishuka mita 2 una mita za ujazo 240 za udongo, ambao uzito wake unapita tani 300. Udongo huo wote ungehesabiwa kuwa na vipande hai, ungehitaji mahali pa kupokelewa kisheria, na ukingo wa kijito ungeporomoka kabla lori la kwanza halijarudi. Kuchimba kunafaa mahali panapojengwa upesi, ambapo gharama ya kusubiri inazidi gharama ya kubeba. Hapa hakufai.

Kukata kila mara hudhoofisha mmea, lakini huhitaji kurudiwa mara nyingi katika kila majira kwa miaka mingi, na kila mkato ni nafasi ya kipande kudondoka. Kufunika kwa turubai zito tumekubali kukujaribu kwenye kona moja ya mita za mraba 6, kati ya vigingi vya 14 na 16, tukijua kwamba mmea uliozoea kupenya mawe hautashangazwa na plastiki. Wadudu pia walijadiliwa. Kidudu mfyonza utomvu, Aphalara itadori, kiliachiliwa Uingereza mwaka 2010 baada ya kupimwa kwa miaka, lakini kilipata taabu kujiimarisha, na kwa vyovyote uamuzi wa kuachilia mdudu mgeni ni wa mamlaka ya nchi na si wa kikundi chenye ndoo na vigingi.

Kwa sehemu iliyobaki tumechagua dawa ya kuua magugu iitwayo glaifoseti, na kwa kuwa kuna maji tumeomba kibali na kutafuta aina iliyoidhinishwa kutumiwa karibu na maji, kwani aina nyingine zina viambato vinavyodhuru viumbe wa majini.

Mwaka wa kwanza, wiki ya tatu ya Septemba

Kibali kilifika mapema mwezi huu, nasi hatukufanya kitu. Jambo hili liliwaudhi wenzangu, maana kichaka kilikuwa kimejaa maua, vishada vyeupe vinavyoelekea rangi ya maziwa, na kila mtu alitamani kukiona kikinyauka. Lakini katika majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi utomvu hupanda kutoka kwenye rizomu kwenda kujenga mashina, na dawa inayowekwa wakati huo huunguza majani na kuishia hapo hapo juu. Kuanzia mwisho wa kiangazi mkondo hugeuka. Majani hutuma chakula chini kuwekwa akiba ya baridi, na glaifoseti husafiri pamoja na chakula hicho hadi mahali ambapo jembe letu lisingefika. Sababu ya pili ni nyuki. Maua haya huchanua wakati maua mengine yamepungua, na asubuhi ya tarehe 5 kichaka kizima kilikuwa kikivuma. Tulingoja hadi maua yaliponyauka.

Tulipulizia tarehe 19, asubuhi isiyo na upepo, majani yakiwa yamekauka umande na bila dalili ya mvua. Mashina yaliyoinamia maji hayakupuliziwa kabisa. Yale manene kati yake, 31 kwa jumla, yalidungwa sindano kwenye pingili za chini, dawa ikaingia ndani ya uwazi wa shina bila tone kugusa kijito. Sindano ni njia safi, na ningependa kuitumia kwa kichaka kizima, lakini kila shina hupokea dawa nyingi kuliko linavyopokea kwa kupuliziwa, na kwa mashina mengi kiasi hiki tungevuka kiwango cha juu cha eneo kinachoruhusiwa kwenye kibandiko cha chupa ya dawa. Kibandiko ndicho kilichokata shauri.

Tumeweka kamba na tangazo: pasikatwe kitu hadi majani yaanguke yenyewe.

Mwaka wa kwanza, Novemba

Majani yameanguka. Mashina yaliyokauka yamekatwa sentimita chache juu ya ardhi na kurundikwa juu ya turubai hapo hapo. Mashina makavu kabisa hayaoti, ila vitako vyake huota, kwa hiyo hakuna lililong'olewa. Hakuna kilichopelekwa kwenye lundo la mboji. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1981 inahesabu kosa kulipanda gugu hili au kulisababisha lienee porini, na udongo wenye vipande vyake ni taka inayodhibitiwa. Penye sheria kama hiyo na pasipo nayo, kipande hakijui mpaka, na sisi tunafuata utaratibu ule ule.

Mwaka wa pili, Mei

Machipukizi 58. Kulikuwa na shangwe kidogo, ambayo sikuishiriki kikamilifu.

Tatizo liko katika sura ya hayo 58. Mengi hayafiki magotini, yametoka kwa mafungu kama ufagio uliosimamishwa kichwa chini, na majani yake ni membamba, yamekunjamana, mengine madogo kuliko kucha. Mtu asiyeujua mmea kabla ya dawa asingeutambua sasa, na huenda angeandika kwamba ni mmea mwingine. Hii ndiyo alama ya rizomu iliyojeruhiwa na glaifoseti ikabaki hai. Kuna fundo ambalo dawa imelifikia bila kuliua, na kuna sehemu ambazo zimelala tu bila kutoa chochote. Kwa hiyo 58 dhidi ya 214 hakumaanishi kwamba robo tatu ya mmea imekufa.

Zaidi ya hayo, ukubwa wa jani ndio mlango wa dawa. Jani la mwaka jana lilikuwa na upana wa kiganja, hili la sasa litapokea matone mawili. Tumeamua kuyaacha yakue kiangazi kizima, hata yakipendeza, ili Septemba yawe na majani ya kutosha kubeba dawa kwenda chini.

Turubai limeinuliwa na kukaguliwa. Chini yake machipukizi ni meupe, marefu, yamelala kwa kufuata plastiki kama kamba, na mawili yamesafiri hadi pembeni na kutokea nje kwenye kigingi cha 15. Tumeongeza turubai mita mbili na nusu kila upande usio wa maji. Halikukazwa sana, maana likikazwa ncha hupata pa kuegemea na kulitoboa.

Mwaka wa pili, Septemba

Majani yalipanguswa kwa sifongo yenye dawa, moja moja, kazi ya saa tatu. Hakuna la ziada.

Mwaka wa pili, Februari (mwaka wa mradi huanza Aprili)

Mafuriko madogo yamebeba udongo wa ukingo kati ya kigingi cha 9 na cha 11, kiasi cha sentimita 40 kuingia ndani. Hii ni hasara ambayo gugu lenyewe liliiandaa, kwa kuwa liliua kila nyasi chini yake, nalo lilipokufa juu kwa baridi likaacha ukingo mtupu. Kwenye ukuta uliomeguka rizomu zimening'inia hewani. Tumezikata kwa mkasi juu ya turubai, vipande 37, na kutembea mita 200 kufuata maji tukitafuta vilivyotangulia. Tulipata vinne, kimoja kikiwa na chipukizi jekundu lisilozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Nasikitika kwamba hatukupanda nyasi mwaka wa kwanza. Tulidhani tungeziua kwa dawa. Sasa tumesia mbegu za nyasi za asili ya eneo hili juu ya sehemu iliyomeguka, na dawa itakuwa ya kupangusa tu, ambayo haizigusi.

Mwaka wa tatu, Juni hadi Septemba

Machipukizi 12, yote kati ya vigingi vya 5 na 8. Mmoja wetu alipendekeza tuchimbe hapo tukamalize. Nilikataa, na sababu yangu ni kwamba rizomu iliyolala huamshwa na jembe, na kila pigo huigawa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, Wales, walichapisha matokeo ya majaribio ya uwandani ya njia 19 za kulidhibiti gugu hili, na baada ya miaka mitatu hakuna hata moja iliyokuwa imeling'oa kabisa, ingawa glaifoseti iliyotumika kwa wakati wake ndiyo iliyofanya vizuri kuliko nyingine. Nimeibandika taarifa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu la uwandani, ili anayekuja kuuliza kwa nini bado tupo aisome kabla ya kuniuliza.

Septemba machipukizi yote 12 yamepanguswa.

Mwaka wa nne, Juni

Hakuna chipukizi ndani ya vigingi. Nyasi zimefika magotini kutoka kigingi cha 1 hadi cha 13, na ukingo uliomeguka umeshika. Turubai linabaki, na chini yake nimeona machipukizi matatu meupe, hafifu.

Kwenye safu ya hali ya mmea nimeandika "hauonekani". Safu hiyo haina neno "umekufa", na haitakuwa nalo kabla ya kiangazi kingine kupita mahali pale bila kuguswa na jembe. Ukaguzi utaendelea kila baada ya wiki nne kuanzia Aprili hadi Oktoba.

Mwaka wa nne, Agosti

Kwenye ukaguzi wa leo, mita 31 chini ya kichaka, upande wa pili wa kijito, limeonekana chipukizi moja lenye majani matano. Vitako vya majani vimenyooka, shina lina madoa ya zambarau, na urefu wake ni sentimita 44. Limewekewa kigingi cha 17. Tumewasiliana na mwenye ardhi ya upande ule, naye amekubali tusilikate wala kulichimbua hadi Septemba.